HDR bila makelele: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wapiga picha wa mandhari wa Goma

Maswali haya ni yale yale ninayoulizwa ufukweni, kwenye barabara ya Sake na kwenye sauti za WhatsApp zinazoingia usiku wa manane. Anayejibu ni mtu mmoja mwenye msimamo wake, na msimamo wenyewe ni huu: jiwe la lava likiacha kuwa jeusi kwenye picha yako, umeshapotea njia.

## Misingi

1. HDR ni nini hasa?

Ni kifupi cha *High Dynamic Range*, yaani upana mkubwa wa mwanga: njia ya kuweka kwenye picha moja mwanga mkali na kivuli kizito ambavyo kamera haiwezi kuvinasa kwa mpigo mmoja. Unapiga picha mbili, tatu au zaidi za mahali pale pale: moja yenye giza ili mawingu yasiungue, moja ya kati, na moja yenye mwanga mwingi ili vivuli visomeke. Kisha programu inazichanganya.

Upana wa mwanga hupimwa kwa stopu. Kila ukipanda stopu moja, mwanga unakuwa mara mbili. Kamera nzuri za leo zenye sensa kubwa (kile kipande kinachopokea mwanga) hufikia stopu 14 hivi kwenye ISO ya chini, yaani kamera ikiwa haijaukuza mwanga sana. Utaona ni nyingi, mpaka siku utakaposimama ufukweni saa kumi na moja na nusu jioni, jua likiitazama lenzi uso kwa uso, na miguuni pako mawe ya lava yakinywa kila mwanga unaoyafikia.

2. Mbona macho yangu yanaona vyote, kamera haioni?

Kwa sababu jicho halitazami mandhari yote mara moja. Likielekea mawingu, mboni inabana; likishuka kwenye mawe, inapanuka; ubongo unashona vipande na kukupa picha moja. HDR inaiga ushonaji huo.

Lakini jicho halifuti kivuli. Mtu akiketi chini ya mparachichi saa saba mchana, unaona shati lake, unaona hata chupa aliyoshika, na bado unajua kabisa kwamba yuko kivulini. Picha nyingi za HDR hukosea hapo: zinamtoa yule mtu kivulini na kumwacha juani, huku mti ukiwa bado juu yake.

3. Kwa nini watu wengi wanaichukia?

Kwa sababu wameona zile zilizozidi. Mimi mwenyewe nilitengeneza moja ya Nyiragongo, volkano yetu, mwaka wangu wa kwanza, anga zambarau, mawingu yenye misuli, nikajisifu na kumtumia mama mdogo aliyeko Bukavu. Akanijibu kwa sauti, akiwa na wasiwasi kweli: "Mwanangu, hiyo ni mvua ya rangi gani inawajia huko? Mutoke!"

Dalili za ugonjwa huu zinajulikana. Ukingo wa mlima unavaa taji la mwanga ambalo halikuwepo, tunaliita halo. Mawingu meupe yanageuka kijivu kama moshi wa lori bovu. Majani ya migomba yanakuwa ya plastiki, na lava inafanana na simenti.

Chanzo ni namna programu inavyofanya hesabu. Haiangalii picha nzima. Inachukua kila eneo dogo na kulisukuma kuelekea mwangaza wa katikati: penye giza inaangaza, penye mwanga inatia giza. Pale anga angavu inapokutana na mlima mweusi, hesabu za pande mbili zinaingiliana, na mwanga unavuja ukingoni. Ukizidisha nguvu, uvujaji unaonekana. Ukipunguza, hakuna atakayejua kama ulitumia HDR, na hicho ndicho tunachotafuta.

4. Je, ni ujanja wa kompyuta wa siku hizi?

Hapana. Mfaransa Gustave Le Gray alifanya hivyo katika miaka ya 1850. Kemikali za wakati ule zilihisi mno mwanga wa buluu, kwa hiyo ukipima kwa ajili ya bahari, anga inatoka nyeupe tupu. Yeye alipiga anga na bahari kwenye negativu tofauti, kisha akaziunganisha kwenye karatasi moja. Kwenye mwaka 1940 hivi, Wamarekani Ansel Adams na Fred Archer walikuwa na mfumo wao wa kugawa mwanga katika kanda, kuanzia nyeusi tupu hadi nyeupe tupu. Hesabu ya kidijitali ya kuunganisha picha zenye mwangaza tofauti ilipata nguvu baada ya kazi ya Paul Debevec na Jitendra Malik ya mwaka 1997. Simu za iPhone zikapata kitufe cha HDR mwaka 2010.

## Kabla ya kubonyeza

5. Nitajuaje kwamba mandhari inahitaji HDR?

Piga picha moja, kisha fungua histogramu, ule mchoro unaofanana na mlima. Kushoto ni giza, kulia ni mwanga. Mchoro ukiwa umekaa wote ndani ya kisanduku, huna haja ya HDR. Endelea na maisha yako. Ukigonga ukuta wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, hapo ndipo kazi ilipo.

Kujua jua linapita wapi kutakuokoa zaidi ya programu yoyote. Kutoka mjini Goma, Nyiragongo iko kaskazini. Asubuhi jua linatoka upande wa Rwanda na kuupiga mlima ubavuni: mwanga ni mpole, picha moja inatosha. Mchana mambo hubadilika kulingana na majira. Sisi tuko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini, yaani upande wa mlima, na ubavu unaotuelekea unakuwa kivulini. Desemba jua liko mgongoni kwako na mlima umewaka. Watu wanaotafuta HDR mwezi wa saba saa sita mchana wangeweza kurudi kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

6. Picha moja ya RAW haitoshi?

Mara nyingi inatosha, na ningependa watu wengi zaidi waanzie hapo. JPEG, faili ya kawaida iliyobanwa, huhifadhi ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi. RAW, yaani faili ghafi, ya biti 14 huhifadhi 16,384. Pima kwa ajili ya mawingu ili yasiungue, kubali picha iwe na giza, kisha nyanyua vivuli nyumbani. Kwa kamera nzuri na ISO 100, stopu mbili hadi tatu zinanyanyuka bila kelele nyingi, yaani chembechembe. Vivuli vikianza kuonyesha chembechembe za zambarau, kamera imefika mwisho wake, na sasa piga tatu (swali la 7).

7. Niweke mipangilio gani?

Kitu kimoja tu ndicho kinachobadilika kati ya picha na picha: muda wa kufunguka kwa shata. Diafragma, yaani tundu la lenzi, usiiguse, iache f/8 au f/11, kwa sababu ukiibadilisha, sehemu zilizo wazi na zilizo na ukungu nazo zinabadilika na picha hazitalingana. ISO 100. Fokasi, ipate kisha uizime isijitafute upya. Rangi ya mwanga usiiache kwenye otomatiki. Chagua jua au mawingu.

Mfano wa kweli wa jioni: 1/125 kwa picha ya kati, 1/500 kwa ile ya mawingu, 1/30 kwa ile ya mawe. Kutoka moja hadi nyingine ni stopu mbili. Kamera nyingi zina kazi ya kufanya hivyo peke yake. Ikiwa apareyi yako iko kwa Kifaransa, tafuta *bracketing*. Tumia pia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisitikise chochote.

Na fanya haraka. Kwetu jua huzama karibu wima, halina yale machweo marefu ya nchi za mbali. Kati ya jua kuzama na giza kuanza kukaza ni kama dakika 20. Picha ya kwanza na ya tatu zikiachana dakika moja, mwanga umeshakuwa mwingine.

8. Picha ngapi?

Tatu, kwa umbali wa stopu mbili. Jua likiwa ndani ya fremu, tano. Tisa ni kujaza kadi.

9. Sina tripodi.

Goma ni mji wa mawe. Ukuta wa lava uko kila mahali. Weka kamera juu ya koti lililokunjwa, washa mpigo wa mfululizo, bonyeza mara moja upate zote tatu. Chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) iliyoegeshwa nayo ni tripodi nzuri, mradi umwombe mwenyewe kwanza. Programu nyingi zilizotajwa kwenye swali la 11, ila si Darktable, zinaweza kulinganisha picha zilizosogea kidogo.

10. Filta yenye nusu giza inaweza kuchukua nafasi ya HDR?

Ukielekea kusini, ziwani, ndiyo, kwa sababu mstari wa maji na anga umenyooka. Ukielekea Nyiragongo au vilima vya Masisi, filta itatia giza kilele pamoja na anga, na mlima utaonekana umechovywa kwenye wino.

## Kwenye kompyuta na simu

11. Programu gani, hasa zisizolipiwa?

Darktable na Luminance HDR ni za bure. Hugin pia, ambayo huja na kifaa kidogo kinachoitwa Enfuse. Za kulipia, Lightroom na Photomatix ndizo zinazojulikana zaidi.

Kuna njia mbili tofauti hapa. Ya kwanza inajenga faili moja yenye mwanga wote, kisha inaibana iingie kwenye skrini. Katika kubana huko ndiko balaa zote za swali la 3 huzaliwa. Ya pili, iliyoelezwa na Mertens, Kautz na Van Reeth mwaka 2007, haijengi faili hiyo kabisa. Inachagua kutoka kila picha sehemu zilizopata mwangaza mzuri na kuzichanganya taratibu. Enfuse hutumia njia hii. Matokeo yake huwa ya kawaida, pengine yamepooza kidogo, na kwa anayeanza kupooza ni afadhali kuliko kupiga kelele.

Ushauri wa kwetu: kuunganisha kunakula betri. Usianze faili tano za RAW umeme ukiwa unachezacheza.

12. Nishike wapi ili isizidi?

Hili ndilo swali lenyewe. Nina vipimo viwili, na vyote viko nje ya mlango wetu.

Cha kwanza ni lava. Mawe yaliyoshuka kutoka Nyiragongo mwaka 2002, yakakatiza mji hadi ziwani, tunayajua wote rangi yake kwa sababu tunayakanyaga kila siku na tumejengea kuta. Kwenye picha, lazima pawepo mahali ambapo jiwe limefika nyeusi kabisa, ndani ya nyufa na chini ya kingo. Ukinyanyua vivuli mpaka kila ufa unasomeka, jiwe limepoteza uzito. Mtu wa Goma akiiona atahisi kuna kitu kibaya hata kama hajui jina lake.

Cha pili ni Ziwa Kivu. Maji hayarudishi mwanga wote yanaoupokea. Sehemu inazama ndani. Kwa hiyo taswira ya anga ndani ya maji tulivu daima ina giza kuliko anga yenyewe. Karibu na miguu yako, unapotazama chini moja kwa moja, maji hurudisha mwanga mdogo kuliko kwingine na unaona mawe ya chini. Kadiri unavyotazama mbali, ndivyo yanavyong'aa. HDR iliyozidi hupindua utaratibu huo: anga inatiwa giza, Kivu inanyanyuliwa, na ghafla ziwa linaimulikia anga. Funika nusu ya juu ya picha kwa mkono, kisha nusu ya chini. Ukiona maji yanang'aa kuliko wingu linalojitazama humo, rudi nyuma.

Kwa vitendo: anza na vitelezi viwili tu, *Hautes lumières* (mwanga mkali) ukishusha na *Ombres* (vivuli) ukipandisha. Kisha shusha *Noirs* (weusi) mpaka lava ikae chini. *Clarté* (ukali wa maumbo) iguse kidogo sana, na kwenye anga usiiguse. Ukidhani umemaliza, ondoka ukanywe chai. Ukirudi, kata nusu ya ulichofanya. Sijawahi kujuta kukata nusu.

13. Halo imeshatokea. Nifanyeje?

Kwanza punguza nguvu ya programu iliyoileta. Ikibaki, chukua ile picha yenye giza uliyopigia mawingu, iweke kama tabaka juu ya picha iliyochanganywa, kisha ipake kwa brashi laini kwenye anga tu. Ukingo utakuwa ule wa kweli, kwa sababu unatoka kwenye picha ambayo haikuchanganywa na chochote. Wengi wakishaijua kazi hii wanaacha HDR ya otomatiki kabisa na kuchanganya kwa mkono tangu mwanzo.

14. Mbona rangi zinakuwa kali hata sijaziongeza?

Ukiongeza utofauti wa mwanga na giza, rangi nazo zinavutwa pamoja. Shusha ukolezi wa rangi kidogo baada ya kuchanganya, hasa kijani na buluu. Malisho ya Masisi yana kijani cha kutosha, na Lac Vert, lile ziwa dogo la kijani, haihitaji msaada wako.

15. Nina simu tu. Inawezekana?

Inawezekana, na pengine unaifanya tayari bila kujua. Simu nyingi za sasa hupiga picha kadhaa kwa mpigo mmoja na kuziunganisha kabla hujashusha mkono. Kazi yako ni kuizuia isizidishe. Gusa wingu kwenye skrini, kisha shusha mwangaza kwa kidole mpaka mawingu yapate umbo. Usiongeze juu yake kichujio kingine cha HDR, kwa sababu utakuwa unakaanga mandazi mara ya pili. Ile "HDR Scape" ya Snapseed inaanza na nguvu nyingi mno. Ukilazimika kuitumia, iburute hadi karibu na sifuri.

## Pembeni mwa kawaida

16. Mtumbwi umetokea mara tatu kwenye picha moja!

Hiyo ni mizuka. Chochote kinachotembea kati ya mpigo na mpigo huacha alama: mitumbwi, mawimbi, majani ya migomba, ndege. Programu nyingi zina kazi ya kuondoa mizuka, inayochagua picha moja kwa eneo linalosogea. Iweke ngazi ya chini, maana ya juu huleta kelele vivulini. Kwa taa za wavuvi wa sambaza (samaki wadogo) usiku, usihangaike: zinayumba na maji muda wote. Chukua taa kutoka picha moja, kwa njia ya tabaka iliyoelezwa kwenye swali la 13.

17. Mwanga mwekundu wa Nyiragongo usiku?

Siku ambazo mwanga wa kreta unapaka mawingu rangi, kishawishi ni kupiga picha ya sekunde 30 ili miteremko ionekane kama mchana. Matokeo yake ni kreta nyeupe isiyo na rangi, na mlima unaodanganya. Pima kwa ajili ya mwekundu kwanza. Piga ya pili yenye stopu mbili zaidi kwa ajili ya umbo la mlima. Mbili zinatosha. Moshi unasogea, kwa hiyo mwanga wote na moshi wake vitoke kwenye picha moja. Miteremko iachwe nyeusi, na nyota zikijitokeza, vizuri.

Watu wa hapa hawautazami mwekundu huo kama watalii wanavyoutazama, hasa baada ya tarehe 22 Mei 2021, mlima ulipolipuka. Fikiri kabla ya kuuongezea ukali na kuurusha kwenye magrupu bila tarehe ya picha.

18. Je, ni lazima niokoe kila mwanga mkali?

Hapana. Bukavu, ukitazama rasi za mji kutoka juu, mabati ya nyumba yanawaka kama vioo. Mng'ao ule ni jua lenyewe limerudishwa. Uache uwe mweupe. Sahani ya jua nayo ni hivyo hivyo. Jua la kijivu ndilo kosa baya kuliko yote ya HDR.

19. Anga yangu imejaa madoa meusi, na kwa mbali kila kitu kina ukungu.

Madoa ni vumbi kwenye sensa. Lilikuwepo siku zote, HDR imelifichua tu. Vumbi letu jeusi la lava linaingia kila mahali. Badilisha lenzi ndani ya nyumba au ndani ya mfuko, kamera ikitazama chini. Ukungu wa Juni hadi Agosti ni vumbi na moshi wa kiangazi. Usijaribu kuukata wote kwa programu. Subiri mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Kesho yake asubuhi utauona mlima Karisimbi bila kuomba.

20. Kwa nini ikifika WhatsApp au kwenye karatasi inabadilika?

WhatsApp inabana faili; itume kama hati (*document*). Hifadhi kwa sRGB, mfumo wa rangi wa skrini za kawaida, la sivyo rangi zitafifia kwenye simu za wengine. Karatasi ya kung'aa ina upana wa stopu 6 au 7 hivi, na isiyong'aa ina chini ya hapo. Vivuli vidogo ulivyovipigania kwenye skrini vitazama. Chapa kipande kidogo kwanza.

21. Si uongo huu?

Kwa picha ya ukutani, sioni uongo ikiwa mtu aliyesimama pale angekubali kwamba aliona hivyo. Kwa habari ni jambo lingine: mashirika mengi ya habari hayapokei picha iliyounganishwa kutoka kadhaa. Ukiwa unapiga mafuriko au moto, piga moja, na RAW uitunze.

22. HDR ya televisheni ni hii hii?

Jina moja, kazi tofauti. Ile ni skrini yenye uwezo wa kung'aa zaidi. Yetu inabana mwanga mwingi uingie kwenye skrini ya kawaida.

23. Mteja anataka zile za rangi kali.

Mzee mmoja alitaka kalenda, akanionyesha mfano: anga ya machungwa, ziwa la zambarau. Nilimtengenezea mbili, yake na yangu, nikazichapa kwa ukubwa mmoja na kumwachia wiki nzima. Alichukua yake. Binti yake akachukua yangu. Nililipwa zote mbili.

24. Naruhusiwa kusimika tripodi popote?

Simu haishtui mtu, tripodi inashtua. Usielekeze lenzi kwa askari, mpakani, bandarini au uwanja wa ndege, hata kama machweo yako upande huo. Uliza chefu wa mtaa au mwenye kiwanja kwanza, na ukiambiwa hapana, kunja miguu ya tripodi taratibu, sema asante yaya, uondoke. Ndani ya Virunga au Kahuzi-Biega, ruhusa huombwa kwa wenye hifadhi kabla hujafunga safari.